Gesi ya Kumrudisha Eucabeth

Jumatatu, 4 Agosti

Jibu limepatikana! Tangu katikati ya Julai namuuliza Mungu swali moja tu, nitamrudishaje Eucabeth, na leo amenijibu kupitia kwa Injinia Nyambeki, mwanamke mfupi mwenye buti za mvua aliyetoka chuo kikuu kuja kutufundisha sisi wafanyakazi wa boila hapa kiwanda cha chai.

Niandike kabla sijasahau. Injinia alisema kuni, magunzi ya mahindi, hata matawi ya chai iliyopogolewa, yote hayo yakigeuzwa makaa, na makaa yakawa mekundu kabisa, ukiyapitishia kabonidayoksaidi inageuka kuwa gesi nyingine inayowaka. Kabonidayoksaidi! Ile ile tunayoirusha angani kwa bomba la kiwanda mchana kutwa kama watu wasio na akili. Na gesi hiyo mpya inawaka buluu, haina moshi. Alisema haina moshi mara mbili. Mimi nilisikia mara kumi.

Hapo nikatoka kidogo kuwahi mandazi, kwa sababu supavaiza wetu Kipkosgei akifika kwenye sahani kwanza wengine hubaki kuramba vidole. Niliporudi Injinia alikuwa anamalizia jambo fulani kuhusu hatari. Watu wote walikuwa wakitikisa vichwa kwa huzuni. Nikatikisa changu pia. Bila shaka ni umeme. Hatari huwa ni umeme.

Eucabeth, mke wangu, alienda kwao Kendu Bay kumzika shangazi yake. Shangazi alizikwa vizuri. Kaburi sasa limeota nyasi, na mke hajarudi. Nilipompigia simu kumuuliza shida ni nini, alisema amechoka na moshi. Basi! Mwanamke akisema amechoka na moshi, mwanamume anaondoa moshi. Nitamtengenezea jiko la gesi, nimwambie aje aone.

Kitanda kimekuwa uwanja. Nalala upande wangu tu, kama mgeni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata pipa. Lilikuwa nyuma ya kanisa likikinga maji ya mvua, jambo ambalo ni matumizi mabaya ya pipa. Okeyo alinisaidia kulibeba. Okeyo ni rafiki yangu, anaimba besi kwenye kwaya, ana mabega ya kazi na maneno ya kukatisha tamaa. Njia nzima aliniambia kwamba mke harudishwi kwa gesi, mke hufuatwa kwa miguu. Kwamba hata baba zetu walijua hivyo: mke akikaa kwao mno, unavaa shati safi, unachukua sukari, unaenda unaketi kwa adabu mpaka wakupe mtu wako. Nikamwambia mke wake yuko nyumbani kila siku akimkaripia, yeye anajua nini kuhusu kumkosa mtu?

Akahamishia pipa bega jingine. Pipa lilikuwa zito.

Kiptum alituona. Kiptum ni mwana wa Mama Kiptum, mwenye nyumba ninayopanga. Kijana ana ng'ombe wa maziwa na ana gesi ya mavi ya ng'ombe, yenye mpira mkubwa uliovimba nyuma ya zizi, na tangu aifunge hatembei tena, anaelea. Aliegemea ua akauliza kama nahamia kwenye pipa. Nikamweleza habari ya kabonidayoksaidi, kwa ufupi, ili asiniibie. Akasema, "Mzee Omollo, yangu inatoka kwa ng'ombe. Yako itatoka wapi, na huna hata kuku?"

Kuku nilikuwa nao. Hilo analijua vizuri. Eucabeth aliwapeleka kwa Mama Kiptum siku ile nilipojaribu kuwafundisha kutaga kwa ratiba.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Eucabeth alikuwa akienda kuchemshia chai kwenye hiyo gesi ya Kiptum. Alikuwa akirudi na birika akitabasamu. Mke wangu, akitabasamu kwa sababu ya mavi ya mtu mwingine!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejaza pipa matawi ya chai. Hapa Kimulot watu wote wanapogoa mwezi huu, matawi ni ya bure, yamelala mashambani kila upande. Lakini ni mabichi, na juu ya ubichi yamenyeshewa, maana msitu wa Mau hutuma mvua kila alasiri bila kukosa. Nikawasha hata hivyo.

Moshi! Sijawahi kuona moshi wa namna ile. Ulitoka mweupe, ukawa wa manjano, ukashuka bondeni ukatafuta watu. Wachuma chai walikuja mbio na ndoo za maji. Walimwaga zote kabla sijamaliza kuwaeleza kwamba hili ni jiko lisilo na moshi.

Jioni nikampigia Eucabeth. Nilimwambia ninamwandalia jambo kubwa. Kisha akauliza kama ni kubwa kama lile la mayai. (Niliweka mayai kando ya boila yaanguliwe. Yaliiva. Tuliyala wiki mbili.) Nikamwambia hili ni la kisayansi. Akauliza nakula nini. Nikasema nakula vizuri. Akauliza tena, vizuri nini? Nikasema ugali na avokado. Akaguna ule mguno wake wa puani. Mguno ule nimeukosa kuliko hata chakula chake.

Leso yake ya maua mekundu bado iko msumarini nyuma ya mlango. Siioshi. Inanukia yeye na moshi.

Ijumaa, 8 Agosti

Shida yangu ni kuni kavu. Agosti, Kimulot, kuni kavu! Ni heri ungetafuta chumvi msituni.

Lakini ziko. Jikoni kwa Mama Kiptum, juu ya jiko lake la zamani, kuna mzigo wa fito za mti wa senetwet zilizokaushwa tangu Januari. Watu wa hapa hawachezi na fito hizo. Huchomwa ncha mpaka ziwe kaa, kisha hilo kaa husuguliwa ndani ya kibuyu, ndipo maziwa yatiwe yagande yawe mursik. Ni fito za heshima, na safari hii ni za heshima zaidi, kwa sababu Jumamosi ijayo wageni wanatoka Sotik kuja kumposa Chepkurui, dada yake Kiptum. Vibuyu vyote vimeshateremshwa.

Nilizitazama. Zilikuwa kavu, zikigongana zinalia kama kengele. Nikajiambia kaa ni kaa. Maziwa hayana macho.

Sikuiba. Nilibadilisha. Nilichukua senetwet, nikaweka mahali pake fito za blugamu, yaani mkaratusi, kutoka kiwandani, zenye unene ule ule, nilizozibabua kwenye boila nikazifunga kwa waya vizuri. Mama Kiptum yuko Bomet mjini akinunua vyombo. Vibuyu vitasafishwa na Chepkurui mwenyewe, ambaye amekulia shule za bweni na anajua kikokotoo kuliko kibuyu. Hakuna atakayeumia.

Na makaa yake, jamani! Meusi, magumu, yanang'aa. Nilikaa nayo mkononi nikimwona Eucabeth akigeuza ugali kwenye moto wa buluu, macho yake hayatoi machozi, ananiambia Baba Amondi, kumbe unaweza. Amondi ni binti yetu aliyeko Nakuru. Nilimpigia kumweleza. Alisema yuko kazini, na kwamba kwa nini nisiende tu kumchukua mama.

Kila mtu na miguu, miguu. Hakuna anayefikiri!

Jumamosi, 9 Agosti

Makaa ninayo. Sasa natafuta kabonidayoksaidi.

Nilinunua soda. Povu la soda ni hiyo hiyo, nilisoma. Niliitikisa chupa, nikaielekeza kwenye makaa mekundu, nikatoa kidole. Jikoni sasa kunanuka sukari iliyoungua, na nyuki wamenitembelea. Nyuki wa wapi, na mvua hii?

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mchungaji aliuliza ni nani aliyechukua pipa la maji. Niliinamisha kichwa kwa maombi marefu. Okeyo akaimba besi bila kunitazama.

Kiti cha Eucabeth upande wa akina mama kimekaliwa na mkoba wa mtu. Mkoba! Nilitaka kwenda kuutoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya.

Nilikumbuka Injinia Nyambeki alitaja kwamba mitungi mingine ya kuzimia moto hujazwa kabonidayoksaidi. Mingine. Neno hilo sikulipa uzito. Kuna mtungi mwekundu umening'inia mlangoni mwa boila miaka yote hii bila kazi. Nikauazima wakati wa mapumziko, nikaubeba chini ya koti la mvua, nikafika kwangu, nikachochea makaa yakawa mekundu, nikaelekeza mdomo wa mtungi, nikabonyeza.

Ulikuwa wa unga.

Makaa yalizimika papo hapo, kama yalivyopaswa kuzimika, maana ndiyo kazi ya mtungi wa kuzimia moto. Hilo nililiona baadaye. Unga ulijaa jikoni, ukatoka dirishani, ukakaa juu ya nguo za Mama Kiptum alizozianika kwa ajili ya wageni. Kiptum alikuja akanikuta nimesimama mlangoni mweupe pepepe, kope na zote. Alilia kwa kicheko. Alimwita ng'ombe wake mmoja aje aone.

Kipkosgei alinihamisha kutoka boila. Sasa napanga kuni uani, kwenye mvua. Alisema mtu anayetumia mtungi wa kuzima moto kuwashia moto hafai kusimama karibu na moto wala mtungi. Nilitaka kumweleza. Alinionyesha uani kwa kidole.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefaulu! Nimefaulu! Halafu sikufaulu.

Wazo lilinijia nikipanga kuni. Kabonidayoksaidi inatoka wapi? Kinywani! Kila mtu anaitoa bure, mchana kutwa. Tatizo ni kwamba mtu mmoja ana mapafu mawili tu. Lakini kwaya!

Jumatano ni siku ya mazoezi. Nikawaalika kwangu, nikawaambia kuna chai. Nilikuwa nimefunga bomba la maji chini ya pipa na bomba jingine juu la kutolea gesi. Nikafunga dirisha na mlango baridi isiingie. Wakapuliza kwa zamu, soprano kwanza, kisha alto, kisha tenori, na Okeyo mwisho, kwa sababu ana kifua cha pekee. Makaa ya senetwet yakawa mekundu, yakawa ya rangi ya chungwa. Nikapeleka kiberiti juu.

Buluu.

Mwali wa buluu, wa urefu wa kidole, unacheza mdomoni mwa bomba, bila moshi hata chembe! Nililia. Siandiki uongo, nililia mbele ya soprano. Niliweka birika. Nilisema kwa sauti, Eucabeth, rudi sasa.

Mama Kiptum alichungulia kidogo mlangoni kuona kelele ni za nini. Nikamwonyesha. Akauliza kipya ni kipi. Alisema hata nyanya yake alipuliza moto kwa mdomo ukawaka, na hakuhitaji kwaya. Akaenda zake.

Birika lilianza kuimba. Ndipo alto mmoja akasema kichwa kinamuuma. Kisha wa pili. Nikadhani ni kwa ajili ya kupuliza. Kisha Okeyo akapiga magoti, nami nikadhani anashukuru. Hakuwa anashukuru. Akalala chini. Nilitaka kumwinua, nikaona kuta zinaenda polepole upande, na miguu yangu ikawa ya mtu mwingine.

Aliyetutoa ni Kiptum. Aliukwanyua mlango, akatukokota mmoja mmoja akatutupa nje kwenye matope na mvua. Okeyo alitapika, akakaa, akauliza kama chai imeiva. Hapo nikajua atapona. Wote wamepona, wamelalamika, wameenda nyumbani. Kiptum alinitazama tu. Kwa mara ya kwanza hakucheka, na ningependa angecheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilimpigia Injinia Nyambeki. Nambari aliiacha ubaoni kiwandani.

Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio. Akapaza sauti. Alisema ile gesi ya buluu, kabla haijawaka, ni sumu. Haina harufu, haina rangi, haina moshi wa kukuonya. Mtu husikia usingizi, analala, haamki. Alisema kazi ile hufanywa kwa mitambo iliyofungwa vizuri na joto kali mno, na watu wenye vipimo. Alisema alizungumza juu ya hatari hiyo kwa muda mrefu, tena kwa picha. Je, sikuziona picha?

Mandazi. Mimi nilikuwa kwenye mandazi.

Nimekaa nyuma ya nyumba asubuhi yote. Sikwenda kazini. Nilikuwa nimeliona lile jambo vizuri sana kichwani, tangu mwanzo: Eucabeth jikoni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, anageuza ugali kwenye moto wangu, anajisikia usingizi kidogo. Angekaa kwenye kile kigoda chake. Angeegemeza kichwa ukutani apumzike. Nami ningekuwa nje nikijisifu kwa Kiptum.

Sijawahi kuogopa hivi maishani. Nilimwita mke wangu aje nyumbani, na nyumbani nilikuwa nimemwandalia hilo.

Nimelipasua pipa kwa shoka. Nimezika makaa. Naapa mbele ya shajara hii, mimi Gordon Omollo, sitagusa tena gesi, pipa wala bomba, mpaka siku ya kufa kwangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Wageni wa Sotik walifika. Wazee wa heshima, makoti, kofia, fimbo. Sikuwa na nia ya kuhudhuria, lakini Mama Kiptum ni mtu wa haki, alisema mpangaji ni mtu wa nyumbani, hata kama ni mpangaji wa aina yangu. Nikaketi nyuma.

Nilikuwa nimezisahau kabisa zile fito. Nilizikumbuka nilipoona vibuyu vikiletwa.

Mzee mkubwa wao alimiminiwa kwanza. Akanywa. Akasimamisha kikombe hewani. Akavuta pumzi puani, akavuta tena, pua zake zikafunguka. Akampa mwenzake. Mwenzake akakohoa kikohozi cha kupendeza kabisa, cha mtu aliyezibuka kifua. Kisha mzee akamgeukia Mama Kiptum akamuuliza kwa upole, "Mama, hii ng'ombe yenu iko na homa?"

Maziwa yote, kibuyu baada ya kibuyu, yalinuka blugamu. Kama ile dawa ya kupaka watoto kifuani. Chepkurui alitoka mbio akilia, Mama Kiptum alisimama amekuwa kama jiwe. Mursik wa mama ndio jina la mama. Hilo nilikuwa nimelisikia miaka yote hii ninayoishi kati ya watu hawa, na sikulisikia.

Kiptum alikwenda jikoni. Alirudi na fito iliyobaki, imefungwa kwa waya. Waya wa boila. Aliinua tu ile fito juu, na watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Namshukuru Mungu kwa yule mzee wa Sotik. Alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema tangu mvua zianze alikuwa hajapumua kwa pua zote mbili, na kwamba ukoo wenye dawa namna hii asingeuacha. Posa ikaendelea. Lakini Mama Kiptum hakucheka.

Jumapili, 17 Agosti

Hukumu. Mama Kiptum alikuja mwenyewe, akakataa kiti. Hakufoka. Alisema alimpokea mtu na mke wake, hakumpokea mtu peke yake, na kwamba mtu peke yake ameonekana ni hatari kwa mali, kwa maziwa na kwa kwaya. Nikamlete Eucabeth. Nikirudi bila yeye, mlango utakuwa na kufuli. Kisha, akiwa anaondoka, akasema anamkosa pia. Kwamba jioni walikuwa wakikaa pamoja wakichambua mboga, na sasa anachambua peke yake. Eti Eucabeth alikuwa hanywi chai tu pale, alikuwa anapumzika. Nikauliza kupumzika kutokana na nini. Alinitazama kwa huruma.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilimwomba Kipkosgei ruhusa. Alinipa likizo yangu yote kwa mpigo, akasema kiwanda pia kinahitaji kupumzika.

Okeyo amenikopesha shati. Hanichukii. Alisema kichwa bado kinamgonga kidogo, ila kama nitaenda kwa miguu yangu na kuketi kwa adabu, atanisamehe. Nimepakia sukari, majani ya chai ya kwetu, na leso ya maua mekundu.

Jumatano, 20 Agosti

Kendu Bay. Jua! Nilikuwa nimesahau jua lina joto.

Nimepokelewa kwa adabu zote. Mama mkwe alinisalimia kwa mbali, akifuata desturi, nami nikatazama chini, nikifuata desturi. Mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe, kwa hiyo nimewekwa kwa shemeji yangu Ogola, ndugu yake Eucabeth, ambaye ana karakana ya kuchomelea vyuma karibu na ziwa.

Eucabeth alikuja na maji ya kunawa. Amenenepa kidogo. Amesuka. Nilisahau hotuba yote niliyojiandalia njiani. Nilisema tu kwamba kitanda ni kikubwa. Akauliza gesi imefika wapi, maana Amondi alimweleza. Nikamwambia kila kitu, Okeyo, mlango uliofungwa, kigoda. Nilipofika kwenye kigoda nikanawa uso kwa yale maji. Akaketi karibu nami.

Kisha akasema moshi amezaliwa ndani yake, mama yake anapika kwa kuni hadi leo. Hakuondoka kwa sababu ya moshi. Alisema aliponiambia habari ya moshi alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia kuongea, na mimi nikakimbia na hilo neno la kwanza kabla hajafika la pili. Alikuwa anataka mtu wa kukaa naye jioni, asiye na mpango. Alisema, "Nilikuwa nangoja tu uje, Baba Amondi. Hivyo tu. Uje."

Na mimi nimekuja! Tunaondoka Jumamosi asubuhi. Nimefurahi hata mwandiko unatoka nje ya mstari.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku nzuri kuliko zote. Tumekaa tu. Nimemsaidia kuchambua mboga. Sikusema neno lolote la kisayansi mchana kutwa. Amecheka mara nyingi.

Jioni tulitembea mpaka ziwani. Ziwa limefunikwa na magugu, kijani tupu mpaka mbali, yanaelea, watu wanayalaani. Yanaziba kila kitu. Hayana mwenyewe. Ni ya bure.

Sikusema neno.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemuuliza Ogola, kwa mazungumzo tu, kama magugu hayo yakikaushwa yanaweza kuwa makaa. Yeye hajui. Hakuna aliyewahi kujaribu vizuri, nadhani. Nimemuuliza pia, kwa mazungumzo tu, kama karakana yake ina pipa. Analo. Tena nene, na mashine ya kuchomelea iko pale pale, imekaa.

Nimefikiri sana juu ya kosa la Kimulot. Kosa lilikuwa mahali. Kule ni jikoni, kumefungwa. Hapa ni nje kabisa, upepo wa ziwa unapita. Injinia mwenyewe hawezi kukataa. Na kiapo changu kilihusu lile pipa.

Jumamosi, 23 Agosti

Eucabeth alikuwa tayari mapema, begi limefungwa, amevaa ile leso. Nikamwomba siku chache tu. Nikamwonyesha ziwa. Nikamweleza kwamba nyumbani kwao wote, mama yake, mashangazi, wanawake wa pwani yote hii, watapika bila moshi, kwa ajili yake. Kwa jina lake! Ningeliita Jiko la Eucabeth.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonishangaza. Alinitazama, akaangalia mikono yangu, ambayo tayari ilikuwa na masizi, akaguna ule mguno. Akaning'oa uzi mmoja begani, kwenye shati la Okeyo. Akasema Mama Kiptum anamngoja. Akaondoka peke yake.

Yuko njiani kwenda nyumbani kwangu. Mimi niko kwao. Mambo yako karibu sawa, isipokuwa tumebadilishana pande.

Jumanne, 26 Agosti

Magugu bado mabichi. Nimeyatandaza juu ya mabati ya Ogola, lakini yana maji kuliko ziwa lenyewe. Tuliwasha kidogo jana kupima. Mama mkwe alikohoa kule kwake, na desturi hainiruhusu kwenda kumwomba radhi.

Eucabeth alipiga simu jioni hii. Alifika salama. Mama Kiptum alimkumbatia, walichambua mboga, hata Kiptum alimbebea begi. Chepkurui amepangiwa harusi Desemba. Nyumba aliikuta chafu, ameiosha. Alisema analala katikati ya kitanda. Nikamuuliza kama ananikosa. Akasema ananikosa, ndiyo, alianza kunikosa zamani, nikiwa bado nimekaa pale pale nyumbani. Nikamwambia jua likiwaka vizuri kesho na keshokutwa, Ijumaa niko naye. Labda Jumatatu. Nilisikia mvua ikipiga bati letu, nikamwomba asikate simu, aiache tu pale mezani nisikilize. Akaiacha. Nilisikia mvua, nikasikia kijiko ndani ya sufuria, nikamsikia akitembea, nikasikia kigoda kikivutwa. Nilisikiliza huku nimefumba macho mpaka salio lake likaisha.

Ogola amepata pipa kubwa zaidi.